KUTU YA MAHINDI: JINSI YA KUITAMBUA NA KUIPUNGUZA
(Kwa wakulima wa Masasi na Newala)

Jani la mhindi ndilo jiko lake. Humo hupikwa chakula kinachojaza punje. Jani likikauka mapema, gunzi hubaki dogo na punje hunywea, na nyumba hupata njaa kabla ya mavuno mengine. Kutu ni ugonjwa wa majani. Yafaa uujue.

Kutu ziko za namna mbili. Ya kwanza hupenda nchi za baridi. Vipele vyake ni virefu kidogo, rangi ya hudhurungi, vimetawanyika pande zote mbili za jani. Ya pili ni kutu ya nchi za joto, na hii ndiyo ya kuangaliwa zaidi kwetu. Vipele vyake ni vidogo, vya mviringo, rangi ya machungwa, vimesongamana upande wa juu wa jani.

Kutu hii ya pili asili yake ni Amerika. Mwaka 1949 ilionekana Afrika ya Magharibi ikaharibu mahindi mengi. Mwaka 1952 ilikwisha kufika Afrika ya Mashariki. Wataalamu wa Muguga, Kenya, walizalisha mahindi yenye kinga, lakini baadaye zikatokea kutu zilizoishinda kinga ile. Kwa hiyo usidhani kwamba mbegu iliyo nzuri leo itakuwa nzuri siku zote.

JINSI YA KUITAMBUA. Pangusa jani kwa kidole. Kidole kikishika unga wa rangi ya kutu, hiyo ni kutu. Ukiona milia myeupe au ya manjano iliyofuata urefu wa jani, wala hakuna unga, huo ni ugonjwa wa milia, uletwao na panzi wadogo. Mabaka marefu ya kijivu ni ugonjwa mwingine tena.

JINSI INAVYOENEA. Unga ule ndio mbegu ya ugonjwa, nao huchukuliwa na upepo. Ukiangukia jani lenye umande au mvua, huota. Baada ya siku 7 hadi 10 hivi vipele vipya hutokea. Kutu haiishi ila juu ya mmea ulio hai, wala haikai ndani ya punje za mbegu.

MAMBO YA KUFANYA.
1. Panda mapema, mvua za kwanza zikisha kulowesha ardhi vizuri. Mahindi ya kuchelewa hukutwa na kutu yakiwa bado machanga.
2. Ng'oa maotea yote kabla ya kupanda. Wenye mahindi ya kiangazi mabondeni wasiyapande karibu na shamba la mvua, maana kutu huvuka kutoka mahindi ya zamani kwenda mapya.
3. Mwulize Bwana Shamba mbegu zinazovumilia kutu. Kama watumia mbegu yako mwenyewe, isiyo chotara, tembea shambani majani yakiwa bado mabichi. Mhindi uliobaki safi katikati ya wagonjwa, wenye gunzi kubwa, ufunge kamba. Chagua mihindi mingi ya namna hiyo. Ukingoja hadi kuvuna, majani yote yamekauka, hutaweza kutofautisha.
4. Panda pia muhogo, mtama na mbaazi. Kutu ya mahindi haidhuru mimea hii.

HABARI YA DAWA. Salfa ya ubwiriunga wa mikorosho usiimwage juu ya mahindi kwa kubahatisha. Dawa za kutu ya mahindi zipo, lakini hufaa zikipigwa mapema, vipele vikiwa vichache. Kwanza tazama umri wa mahindi. Kutu ikiingia kabla ya mbelewele kutoka, hasara yaweza kuwa kubwa: mwite Bwana Shamba upesi, mpige hesabu ya bei ya dawa na mavuno mnayotazamia. Punje zikisha kukomaa, usitupe fedha yako.

Tangu mahindi yafikapo magotini, kagua shamba kila juma. Anza na majani ya chini.