Kuka na Kukhu Wanacheza: Mwongozo wa Vituo vya Mchana vya Wazee, Chwele

Soko la Chwele ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya. Siku ya soko malori hujaa vitunguu, nyanya na ndizi, kuku hufungwa kwenye boda boda, na kila mwenye nguvu yuko mbioni. Katika vijiji vinavyopanda kuelekea Mlima Elgon hubaki kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, na mjukuu asiyeanza shule, au kuka, yaani babu, peke yake na redio iliyofunguliwa Sulwe FM. Chakula kipo, blanketi lipo, na watoto walio Nairobi na Kitale hutuma pesa kwa simu. Anachokosa ni mtu wa rika lake wa kucheka naye na kubishana naye.

Kijitabu hiki ni cha familia, makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama wanaotaka kuwakusanya wazee mara moja au mbili kwa wiki, kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, kisha kila mmoja arudi kulala kwake. Kituo cha namna hiyo hakihitaji jengo jipya. Ukumbi wa kanisa ambao haufunguliwi siku za kazi, wenye choo karibu na mti wa kivuli, unatosha kuanzia.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Ibara ya 57 ya Katiba inawapa haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza na kuishi kwa heshima. Tangu 2018, mpango wa Inua Jamii umewafikia waliotimiza miaka 70 kwa Sh2,000 kwa mwezi. Pesa hizo zinasaidia sana, lakini haziwezi kumletea mzee mwenzake wa kucheza naye drafti. Upweke nao unaua: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 ilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi nao, na ikauhusisha na vifo zaidi ya 870,000 kila mwaka.

Mabega kwanza

Anayeanzisha kituo hushawishika kununua vitabu vya kupaka rangi na mipira ya plastiki. Asifanye hivyo. Mzee aliyelima, akalipa karo na kuzika wenzake hapendi kuchezeshwa kama mtoto wa chekechea, na akidharauliwa siku ya kwanza, ya pili haji. Burudani ianzie kwenye yale anayoyajua kuliko anayemhudumia.

Kwa Wabukusu, jibu liko mabegani. Kamabeka ni ngoma ya kutikisa mabega, na uzuri wake kituoni ni kwamba inachezeka hata kwenye kiti. Mama mwenye magoti mabovu anaweza kukaa, miguu ikakanyaga chini sawasawa, na mabega yakaitikia litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, vilevile. Mabega yanalegea, kifua kinapanuka, pumzi inaingia. Walio imara wasimame nyuma ya viti vyao, washike migongo ya viti, wacheze kwa kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Hilo ni zoezi la usawa wa mwili, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki ili wasianguke. Mzee hahitaji kuambiwa kwamba hapo anafanya mazoezi. Anachohitaji ni mpigaji litungu anayejua nyimbo za ujana wake. Mpigaji huyo atafutwe mapema na alipwe nauli na chakula, maana bila yeye asubuhi hupoa.

Baada ya ngoma watu huwa na kiu. Uji wa wimbi utolewe hapo, sukari iwekwe kando kwa sababu ya wenye kisukari. Viti viwe na migongo na mikono, stuli zibaki jikoni. Anayemeza dawa za presha ainuke polepole akiwa ameshikwa mkono, kwani dawa hizo huweza kuleta kizunguzungu.

Ushindani una utamu wake

Wanaume wengi hawaji kwa ajili ya kuimba, huja kushindana. Drafti ya vifuniko vya soda haina gharama. Mashimo ya ajua, mchezo wanaoupenda majirani Waluo, yanaweza kuchimbwa ardhini. Timu zipangwe kwa marika ya tohara, Banyange upande huu na Bamaina upande ule, na kituo hakitakosa kelele. Akina mama nao wapewe uwanja wao: vitendawili, hadithi, kusuka vikapu, na kuwafundisha wajukuu kupika mrenda na saga kwa munyu.

Upo pia mchezo wa mbali unaofaa kabisa uwanja wa kanisa. Gateball ulibuniwa Japani 1947 kwa ajili ya watoto, baadaye wazee wakaufanya wao. Timu mbili za watu watano watano hupiga mpira kwa nyundo ya mti upite kwenye vigeti vitatu vidogo, kisha uguse nguzo ya katikati. Mechi huchukua nusu saa. Hakuna kukimbia, na akili inafanya kazi kuliko misuli. Seremala yeyote wa Chwele anaweza kuchonga nyundo hizo, na fundi wa kuchomelea akakunja vyuma vya vigeti.

Wanaodhani mwili wa mzee hauwezi mengi wakumbuke Korogocho, Nairobi, ambako akina nyanya wa kikundi cha Shosho Jikinge hujifunza kupiga ngumi na mateke ili wajilinde dhidi ya wabakaji. Huko Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi aliwakusanya akina nyanya wacheze kandanda katika timu ya Vakhegula Vakhegula, na mwaka 2010 wakasafiri hadi Marekani kwenye mashindano ya wachezaji wakongwe. Chwele haihitaji kuiga ngumi wala kandanda. Inachoweza kuiga ni kutomwekea mzee mpaka kabla hajajaribu.

Mara moja kwa mwaka, kituo kikodi matatu kwenda Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa Kanali Hugh Stoneham. Huko kuna vyombo vya zamani vya jamii za magharibi mwa Kenya na njia ya miguu msituni. Waende na vijana wachache, kwa sababu kazi ya kueleza chombo fulani kilitumikaje iachiwe wazee wenyewe.

Ratiba

Siku ya soko iepukwe. Boda huwa ghali, barabara hujaa, na wazee wengine bado wana kibanda chao cha vitunguu. Msimu wa kupanda mahindi, Machi na Aprili, mahudhurio yatapungua, na hilo si kosa la mtu. Mvua za mlimani hupenda kushuka alasiri, kwa hiyo michezo ya nje iishe kabla ya chakula cha mchana. Kukhu anayelea mjukuu aruhusiwe kuja naye. Akikatazwa, atabaki nyumbani. Wahudumu wawaamkie wazee kwanza na kuwaita kuka na kukhu. Kwa asiyesikia vizuri, mhudumu amkabili uso kwa uso na kuongea polepole bila kupiga kelele.

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Wazee, nayo inafaa kuwa siku ya fainali ya drafti na mashindano ya kamabeka kati ya vijiji. Kikundi kinachotaka kuwa tayari kufikia siku hiyo kiende sasa kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa Kabuchai kujisajili chini ya sheria ya vikundi ya 2022, kisha kiwaite wazee kumi wa kwanza na kuwauliza wao wenyewe wangependa kuanza na mchezo upi.