Kuwafuata Vijana FEASSSA: Vidokezo kwa Mzazi na Shabiki

Kila mwaka, mara nyingi mwezi Agosti, michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, hupokewa na nchi nyingine. Arusha 2022, Huye 2023, Mbale 2024, Kakamega 2025. Tazama orodha hiyo: hakuna mji mkuu hata mmoja. Watu wengi hukwama kwa kujiandaa kana kwamba wanakwenda Nairobi au Kigali.

1. Kitanda kwanza, jezi baadaye. Wachezaji kwa kawaida hulala kwenye mabweni ya shule. Wewe utagombea gesti zilezile na waandishi, marefa na wazazi wenzako. Weka nafasi mapema, na uulize gesti iko mbali kiasi gani na uwanja unaoutaka, kwa kuwa mechi hutawanywa: netiboli shule hii, soka kule. Mji ukijaa, usilazimishe. Kakamega na Kisumu zinatenganishwa na kilomita 50 hivi, na Kisumu ina hoteli nyingi zaidi na uwanja wa ndege.

2. Kadi za njano ni mbili, mbali na ile ya refa. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku ya kuondoka hakukusaidii. Ya pili ni bima ya COMESA, kwa anayevuka mpaka na gari lake. Ikate kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania, beba pasipoti au hati ya kusafiria.

3. Ukienda Rwanda, rudisha saa nyuma kwa saa moja. Magari hupita kulia, basi angalia upande sahihi kabla ya kuvuka barabara. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda: asubuhi watu wako kwenye kazi za jamii, maduka yamefungwa na usafiri ni wa shida. Usipange kusafiri saa hizo.

4. Acha mifuko ya plastiki nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Kapu la ukindu halina kesi.

5. Shilingi si shilingi. Moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda, hivyo usizimie ukitajiwa bei ya chai Mbale. Badilisha fedha benki au kwenye duka la kubadilishia. Kijana anayekukimbilia mpakani na bunda mkononi, mpite tu.

6. Mbale, ukiingilia Malaba, ni karibu kuliko Kampala. Shuka Tororo uunganishe. Usipelekwe hadi Kampala ndipo urudi zaidi ya kilomita 200.

7. Koti la mvua. Agosti, magharibi mwa Kenya na pande za Mlima Elgon, jua la asubuhi halizuii mvua ya alasiri.

8. Mwulize kocha kabla ya kupeleka chakula bwenini. Chipsi mayai za mapenzi ya mama, usiku wa kuamkia nusu fainali, zinaweza kumwacha beki wako chooni timu ikipasha misuli.