Dondoo muhimu: Somo la kwanza la programu chuo kikuu

Kwa mwanafunzi aliyetoka Nachingwea au Ruangwa, zoezi la kwanza lianzie kwenye hesabu anayoijua. Mnada wa ufuta wa chama kikuu cha ushirika cha huko, RUNALI, unafaa sana: kilo mara bei, toa makato, yanabaki malipo ya mkulima.

Hesabu ifanywe kwanza kwa kalamu, ndipo iandikwe kwa lugha ya Python. Hapo hujitokeza kosa la wengi: input() hurudisha maandishi, si namba, kwa hiyo kilo 200 zikijumlishwa na 50 hutoka 20050. Mwalimu asikimbilie kulisahihisha. Mwanafunzi atabiri jibu kabla ya kuendesha programu, kisha atafute mwenyewe tofauti ilikotoka.

Programu ikikwama na kutoa ujumbe wa kosa, ujumbe huo usomwe kuanzia mstari wa mwisho. Aina ya kosa hutajwa hapo.