Mkojo na MRI kabla ya Kuchukua Kinyama cha Tezi Dume

Mwongozo huu ni wa matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara wanaomhudumia mwanamume ambaye PSA yake iko kati ya 4 na 10, na bado haijaamuliwa kama achukuliwe kinyama. Kwanza PSA irudiwe baada ya wiki kadhaa. Aulizwe kama amepata UTI au amewekewa mpira wa mkojo karibuni, na dawa zake zitajwe kwa majina. Finasteridi ikitumiwa miezi 6 au zaidi hushusha PSA kwa takriban nusu, hivyo 3 ya mgonjwa huyo ihesabiwe kuwa 6.

MRI itangulie sindano, maana damu inayobaki kwenye tezi baada ya kuchukua kinyama huvuruga picha. Katika utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, MRI iliwanasa 93% ya wanaume wenye saratani ya hatari. Sindano iliyoongozwa na altrasaundi peke yake iliwanasa 48%. Majibu huandikwa kwa madaraja ya PI-RADS, 1 hadi 5. Mwenye 4 au 5 achukuliwe kinyama hata kama kipimo chake cha mkojo cha kutafuta dalili za saratani kimetoa majibu ya kutia moyo. Mkojo hauonyeshi uvimbe uko wapi. Kazi yake kubwa iko kwenye daraja la 3, ambapo picha haijakata shauri, na kwa mwenye 1 au 2 ambaye PSA yake bado inatia shaka.

Ukusanyaji wa sampuli ndio wa kuangaliwa sana. Kwa kipimo cha PCA3, daktari aingize kidole kupitia njia ya haja kubwa na kukandamiza kila upande wa tezi mara 3, ili seli zishuke kwenye njia ya mkojo. Mgonjwa aende chooni papo hapo, akinge mkojo wa mwanzo, mililita 20 hadi 30. Hapa mazoea hutuponza: kwa kuotesha vijidudu tumewafundisha watu kukinga mkojo wa katikati, na mgonjwa mzoefu ataumwaga wa mwanzo bila kuuliza. Aelezwe tofauti hiyo, kisha arudie maelezo kwa maneno yake. Sampuli ikae kwenye barafu au friji, na ihamishiwe kwenye kichupa chenye dawa ya kuihifadhi ndani ya saa 4. Muda ukipita, imwagwe na mgonjwa aitwe tena. Baadhi ya vipimo vipya havihitaji kidole, kwa hiyo maelekezo ya kipimo husika yasomwe kwanza.

PCA3 chini ya 25 hupunguza uwezekano wa saratani, haiuondoi. Marekani ilikiidhinisha kipimo hicho mwaka 2012 kwa wanaume wa miaka 50 na zaidi ambao kinyama chao cha awali hakikuonyesha saratani, si kwa kila mwenye PSA ya juu. Vipimo vingine hutafuta pia TMPRSS2:ERG, muungano wa jeni uliogunduliwa mwaka 2005. Muungano huo huonekana mara chache zaidi kwa wanaume weusi kuliko weupe, ilhali vipimo vingi vilijaribiwa zaidi kwa weupe. Kwa mgonjwa wetu, basi, jibu la “uwezekano mdogo” lisifunge faili, hasa kama baba au ndugu yake aliugua. Kabla hajaondoka, kadi yake iandikwe tarehe ya PSA ijayo, isizidi miezi 6.