Sarafu ya shaba imefutika? Usikimbilie kuandika "ya Zanzibar"

Wadau, leo naongea na nyie mnaouza vitu vya kale mtandaoni kama mimi. Mwaka jana nilipost sarafu ya shaba iliyolika mpaka ikawa kama kifungo cha koti. Kwa mbali niliona alama ya mizani, nikaandika "Pesa ya Sayyid Barghash, Zanzibar". Ikaondoka siku hiyo hiyo. Wiki moja baadaye mteja ananitumia picha. Ameimulika tochi kwa ubavuni, na upande wa pili zinasomeka herufi nne za Kizungu: COMP. Barghash hakuwa na kampuni! Nikarudisha hela yote, na gharama ya kifurushi kwenda na kurudi ikawa juu yangu.

Mizani ndiyo iliyoniponza. Pesa ya Barghash ya mwaka 1299 Hijria (kama 1882) kweli ina mizani, na chini yake mwaka umeandikwa ١٢٩٩. Upande wa pili ni Kiarabu kitupu, hakuna herufi hata moja ya Kizungu. Lakini mizani ipo pia kwenye pesa ya Mombasa ya 1888, ya ile kampuni ya Waingereza (ndiyo niliyouza mimi), na kwenye robo ana za Bombay za miaka ya 1830, ambazo upande wa pili zina nembo yenye simba wawili. Kwa hiyo ukiona mizani, geuza. Jibu liko upande wa pili.

Nyingine inayochanganya watu ni pesa ya Wajerumani ya 1890 hadi 1892. Nayo ina Kiarabu, lakini kipo katikati, kimezungukwa na majani, na upande wa pili kuna tai. Tai akifutika, mara nyingi kivuli cha mabawa kinabaki.

Sasa uzito. Nunua mzani mdogo kama wa masonara, utakusaidia ila usiutegemee kwa kila kitu. Pesa zote hizo nilizotaja zilitengenezwa kwa kipimo kinachokaribiana, kama gramu 6 na nusu, kwa sababu pesa 64 zilikuwa rupia moja, sawa na robo ana za India. Zikilika zinapungua. Mzani hautakuambia ni ya Barghash au ya Mjerumani, ila utakuambia nini siyo. Heller moja ya Wajerumani, iliyoanza 1904, ni gramu 4 tu. Heller 5 ya 1908 na 1909 ni dude kubwa, gramu 20. Ikiwa na tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka, hiyo ni senti ya Afrika Mashariki, wala usijisumbue kupima.

Kusoma iliyofutika: zima taa ya chumba, laza tochi ya simu karibu na meza ili mwanga upite juu ya sarafu kwa ubavu, halafu zungusha sarafu polepole. Usizungushe tochi. Mistari inajitokeza ghafla upande mmoja na kupotea upande mwingine, kwa hiyo piga picha kila robo mzunguko. Ukishindwa, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa penseli laini.

Na tafadhali, limau na steel wool viache jikoni. Ile rangi nyeusi au ya kijani ndiyo inayoshika mabaki ya maandishi, na wakusanyaji wanaikataa sarafu iliyong'arishwa. Mimi natumia maji na mswaki laini, basi.

Tangazo langu siku hizi liko hivi: "Sarafu ya shaba, imelika sana, gramu 6.1. Mizani inaonekana, upande wa pili haujasomeka. Picha 6 zipo." Inauzika kwa bei ndogo kidogo, lakini hairudi.

La mwisho kwa walioko Tanzania. Ukiletewa visarafu vidogo vya shaba vyenye Kiarabu kutoka Kilwa au kisiwani Mafia, usipost. Vya masultani wa Kilwa ni vya karne nyingi nyuma, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inagusa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Robo ana za Bombay za miaka ya 1830 nazo zimo humo kwa umri. Uliza kwanza Idara ya Mambo ya Kale, hasa kama mteja yuko nje ya nchi.