Somo la Ofisi: Kuweka Faili la Leseni Kwenye Kompyuta ya Parokia



Katika kutembelea maparokia hapa mkoani Singida tumekuta kompyuta za mezani ambazo programu ya hesabu haifunguki, ingawa imelipiwa. Taarifa ya robo mwaka inachelewa, na mfadhili aliyechangia kisima anaanza kuwa na wasiwasi. Mara nyingi tatizo ni faili dogo la leseni. Sisi wenyewe tuliwahi kukwama kwa sababu hiyo, ndiyo maana tunawashirikisha somo hili.

Leseni ni nini?

Tunaponunua programu, tunanunua ruhusa ya kuitumia. Baadhi ya programu huwekewa ruhusa hiyo katika faili lenye jina la mnunuzi, tarehe ya mwisho, na mara nyingi namba ya utambulisho ya kompyuta moja tu. Ukibadilisha hata herufi moja ndani yake, faili hukataliwa.

Hatua za kufuata

1. Hakikisha tarehe ya kompyuta ni sahihi. Betri ndogo ya saa ikichoka, umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na programu huona leseni haijaanza.

2. Hifadhi faili lililokuja kwa barua pepe kama lilivyo. Sisi tulilifungua na kulihifadhi upya. Kompyuta ikaongeza herufi "txt" mwishoni mwa jina bila kuzionyesha, na programu haikulitambua.

3. Funga programu. Ingia kama msimamizi wa kompyuta, kisha nakili faili kwenye folda iliyotajwa katika maelekezo.

4. Fungua programu, usome jina la mwenye leseni na tarehe ya mwisho.

5. Weka nakala ya faili kwenye flashi, uifungie kabatini pamoja na risiti.

Neno kwa kamati

Leseni iandikwe kwa jina na barua pepe ya parokia. Ikiwa kwa jina la katibu, siku akihamia Manyoni au Dodoma ataondoka nayo. Kabla ya kubadilisha kompyuta, mwulizeni muuzaji namna ya kuihamisha.

Programu za kuiba tuziepuke. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pia. Kwa barua na majedwali zipo programu halali za bure, kama LibreOffice. Na mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, iliyokuwa kwa Kiswahili.

Nanyi wafadhili, mnapotoa kompyuta, kumbukeni pia leseni ya miaka inayofuata.

Maswali ya kujadili

1. Leseni zetu zimeandikwa kwa jina la nani, na zinaisha lini?

2. Kompyuta ikiharibika leo, nani anajua nakala ilipo?