Kanieneo ya Hewa Katika Tairi la Gari

Gari litokalo Dar es Salaam alfajiri hufika Morogoro, mwendo wa kilometa 190 hivi, jua likiwa limekwisha kupanda. Dereva akiyagusa matairi huyakuta ya moto, na akiyapima kwa geji huona kipimo kimezidi kile cha alfajiri. Wapo madereva ambao hapo hupunguza upepo, wakihofia tairi lisije likapasuka. Je, tendo hilo ni kinga au ni hatari? Jibu limo katika kanuni za gesi zifundishwazo darasani.

Tairi na mzigo wake

Kanieneo ni kani igawanywayo kwa eneo. Gari la kilogramu 1,200 lina uzito wa nyutoni 12,000 hivi. Kila gurudumu, kwa wastani, hubeba nyutoni 3,000. Kanieneo ya tairi ikiwa kilopaskali 200, yaani nyutoni 200,000 kwa kila meta ya mraba, eneo linalogusa barabara hukaribia sentimeta za mraba 150. Kanieneo ikishuka hadi kilopaskali 120, eneo hilo hupanuka hadi sentimeta za mraba 250. Hesabu hii haikutia maanani ugumu wa mpira wenyewe, lakini yaonyesha jambo kubwa: tairi lenye upepo haba hulala chini, na ubavu wake hujikunja na kujikunjua kila gurudumu lizungukapo. Kujikunja huko huzaa joto. Joto likizidi, tabaka za tairi huweza kuachana, nalo tairi likapasuka gari likiwa katika mwendo wa kasi. Upepo ukizidi mno, tairi hukanyaga kwa sehemu ya katikati tu. Kashata za hapo huisha upesi, na mshiko wa barabara hupungua.

Joto na kipimo cha geji

Geji huonyesha tofauti kati ya kanieneo ya ndani ya tairi na ile ya angahewa. Ili kupata kanieneo kamili, sharti kuongeza kilopaskali 101 za angahewa ya usawa wa bahari. Ujazo usipobadilika, kanieneo kamili ya gesi huongezeka kwa uwiano sawa na halijoto ya Kelvini.

Ichukuliwe kuwa alfajiri halijoto ilikuwa nyuzi 25 za Selsiasi (Kelvini 298), na geji ilisoma kilopaskali 220, yaani pauni 32 hivi kwa inchi ya mraba. Kanieneo kamili ni 321. Hewa ya tairi ikifika nyuzi 55 (Kelvini 328):

321 × 328 ÷ 298 = 353

Geji itasoma 353 – 101 = 252. Dereva akipunguza upepo hadi 220, kanieneo kamili hurudi 321. Tairi likipoa hadi nyuzi 25:

321 × 298 ÷ 328 = 292

Geji itasoma 191 tu. Kwa hiyo dereva aliyedhani anajikinga ameondoa kilopaskali 29 zilizohitajika, na safari inayofuata ataianza na tairi lenye upepo haba, lile lipatalo joto upesi zaidi.

Kipimo sahihi

Kipimo kinachofaa huandikwa na mtengenezaji wa gari, aghalabu kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa juu usiopaswa kuzidishwa. Siyo kipimo cha matumizi ya kila siku. Tairi hupimwa likiwa baridi, gari likiwa limepumzika muda wa saa tatu au zaidi. Ongezeko litokanalo na joto la safari lilikwisha kufikiriwa na mtengenezaji.

Zoezi

Tairi baridi lilisoma kilopaskali 220 Dar es Salaam, halijoto ikiwa nyuzi 25. Asubuhi moja mjini Mbeya, likiwa baridi tena, halijoto ni nyuzi 15 na kanieneo ya angahewa ni kilopaskali 83. Geji itasoma ngapi? (Jibu: 227.) Wanafunzi waeleze kwa nini kipimo kimepanda ilhali hewa imepoa.